Ukiyashinda Maji, Umekishinda Kiazi: Vidokezo 12 vya Jikoni, Mjambere

Una viazi ndani? Basi chajio unacho. Kilichobaki ni kuamua utavipika vipi leo ili watoto wasianze kuguna kwamba jana viazi, leo viazi. Na kwa kuamua hivyo, hakuna pazuri kuliko Kisauni, Mombasa! Mjambere, Bakarani, Mtopanga, Mwandoni, kote jioni ikiingia makarai hubandikwa kando ya barabara: viazi karai vya manjano, bajia, katlesi, chipsi. Na vyote hivyo vinapikika kwako nyumbani, kwa mtungi wa gesi wa kilo 6 au jiko la makaa, bila mashine na bila cheti cha upishi.

Kabla hatujawasha moto, tushike jambo moja. Karibu asilimia 80 ya uzito wa kiazi ni maji. Ukitaka kiazi kikauke na kulia kau mdomoni, yatoe hayo maji. Ukitaka kilainike ndani ya mchuzi, yape maji nafasi na wakati wake. Siri ya mapishi yote ya viazi ni hiyo, na vidokezo hivi 12 vitakuonyesha namna ya kuitumia upesi. Haya, nawa mikono, twende kazi!

1. Mkague mgeni kabla hujamlipia

Joto letu la Mombasa na kiazi haviivani. Kiazi kinataka usiku wa baridi ndipo kinenepe ardhini, kwa hiyo vyetu hulimwa nyanda za juu kama Nyandarua, Molo na Meru, kisha husafiri kwa lori mamia ya kilomita hadi Soko la Kongowea, ndipo vikafika kwenye vibanda vya mitaani kwetu. Safari hiyo si mchezo! Vingine hufika vimechubuka, vingine vimeanza kunywea. Basi bonyeza kwa kidole gumba: kigumu weka kikapuni, kilicholegea kiache. Na ukinunua fungu, sema kwa adabu, "Mama, nichagulie vya kimo kimoja." Vya kimo kimoja huiva pamoja, hutaachwa na kimoja kibichi huku mwenzake ameshakuwa uji.

Vingi utakavyokuta ni Shangi, vyeupe-vyeupe vyenye wekundu kidogo kwenye macho. Hivi huiva haraka, na gesi yako itakushukuru. Ukibahatika kuona vyenye ngozi nyekundu aina ya Dutch Robijn, vichukue kwa ajili ya bajia na krispi. Vina maji machache, kwa hiyo hukauka vizuri ndani ya mafuta.

2. Giza ndiyo, friji hapana

Shangi ana pupa ya kuchipua. Ukimweka wiki mbili tatu, utamkuta ana ndevu! Nunua vya wiki moja, uviweke kwenye kikapu au gunia mahali penye giza na panapopita upepo, mbali na vitunguu. Kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani, na ukijani huo ni ishara kwamba solanini imeongezeka. Hiyo ni sumu chungu inayochafua tumbo, na kuchemsha hakuiondoi. Kama ni doa dogo, likate kwa kina. Kama kimeenea chote, kitupe bila kusita.

Na friji je? Kwa kiazi kibichi, hapana. Baridi yake hugeuza wanga kuwa sukari, na siku utakayokikaanga kitakuwa cheusi nje kabla hakijaiva ndani. Friji iwekee viazi vilivyokwisha kuchemshwa, maana hivyo tutavihitaji sana hapa mbele.

3. Anzia maji baridi, na uyaonje kwanza

Kuchemsha kiazi kila mtu anajua, sivyo? Ngoja nikuongezee mambo matatu yatakayobadilisha kila kitu. Kwanza, vitie viazi kwenye maji baridi ndipo uwashe moto. Ukivitumbukiza kwenye maji yanayotokota, nje huiva na kupasuka huku kiini bado kigumu. Pili, yaonje maji kabla ya kutia chumvi. Sisi wa Kisauni twajua: maji ya mfereji yakikatika, maji ya kisima ndiyo mkombozi, na visima vyetu vingi vina chumvi yake tayari. Ukiongeza kijiko kwa mazoea, umekwisha!

Jambo la tatu ndilo kubwa. Viazi vikiiva, mwaga maji yote, kisha rudisha sufuria juu ya moto mdogo kwa dakika moja bila kifuniko, huku ukiitikisa. Utauona mvuke ukitoka. Hayo ndiyo maji yanayoharibu katlesi na kuvua viazi karai nguo zao. Yaache yaende. Na kama unachemshia katlesi, chemsha na maganda yake, umenye vikiwa bado vina moto. Ganda huzuia maji kuingia, na huvuka lenyewe kwa vidole.

4. Viazi karai: kausha, pakaza, chovya

Hiki ndicho kitafunio cha jioni cha Mombasa, na nyumbani kinakuchukua nusu saa kama viazi vimeshachemka. Viache viive lakini visilegee. Kisu kiingie bila kulazimishwa, kiazi kisimeguke. Vikate nusu, uvipanguse kwa kitambaa safi, kisha vipakaze unga mkavu wa ngano. Usiiruke hatua hiyo! Unga mkavu hunyonya unyevu uliobaki na kulishika rojo lisiteleze.

Kwa viazi vinane vya kadiri, koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano, vijiko viwili vya unga wa mchele, nusu kijiko cha chai cha manjano, chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa na dania iliyokatwa ndogondogo. Tia maji kidogo kidogo. Utajua liko sawa ukichovya kijiko na rojo likabaki limekifunika mgongo. Likichuruzika lote, ongeza unga. Likining'inia kwa mabonge, ongeza maji. Unga wa mchele ndio unaoleta ule ukavu wenye mlio, na ukikosa, weka unga wa dengu.

Mafuta nayo yapime kwa tone moja la rojo. Likizama na kukaa chini, ngoja. Likipanda mara moja huku likichemka pembeni, anza. Kaanga vichache vichache, maana ukijaza karai mafuta hupoa, na viazi vyako vitayanywa badala ya kukauka. Vikitoka, viweke kwenye chekecheke au waya, usivifunike. Ukivifunika, mvuke wao wenyewe utavilainisha, na kazi yote imekuwa bure.

5. Ukwaju: usimwache bwana harusi bila bibi harusi

Viazi karai bila ukwaju ni harusi ya mtu mmoja! Na ukwaju ni rahisi mno. Loweka donge la ukwaju kwenye kikombe cha maji ya moto dakika kumi, fikicha kwa mkono, chuja. Chemsha maji hayo na chumvi, sukari kijiko kimoja au viwili, kitunguu saumu na pilipili ya kusaga, mpaka yaanze kuwa mazito. Tayari. Mimina kwenye chupa safi, funga, weka friji, utautumia wiki nzima kwa viazi, bajia na hata mihogo.

Una dakika tano tu? Tengeneza chatne ya nazi: nazi iliyokunwa, pilipili mbichi, dania, chumvi na ndimu, vyote kwenye blenda na maji kidogo sana. Msimu wa maembe mabichi, tia embe mahali pa ndimu. Weka bakuli zote mbili mezani, kila mtu achovye anapopenda, na wageni watakuuliza umenunua wapi.

6. Katlesi zisizopasuka

Katlesi ikipasuka ndani ya mafuta, usilaumu mkono wako, laumu maji. Hapo ndipo kidokezo cha tatu kinapolipa. Viponde viazi vikiwa vya moto, kwa mwiko, uma au chini ya bilauri, lakini blenda iache kabatini, kwa sababu visu vyake vinapasua wanga na kukupa kitu cha kunata. Acha viazi vipoe kabisa kabla ya kufinyanga.

Nyama ya kusaga nayo ipike na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, bizari nyembamba na chumvi mpaka ikauke kabisa, kisha tia dania na ndimu. Pakaza mafuta viganjani, twaa donge la kiazi, litie shimo, weka nyama, funga, bonyeza liwe bapa. Kama una nafasi, ziweke friji nusu saa zishikamane. Chovya kwenye yai lililopigwa, zitie kwenye mafuta ya moto, na sasa subira: usiziguse mpaka upande wa chini ugeuke rangi. Pindua mara moja tu.

Kwa wanaofunga, hii ni dhahabu. Finyanga nyingi kabla ya Ramadhani, zigandishe bila yai, na kila alasiri toa za futari ya siku hiyo. Na ukibakiwa na kiazi kilichopondwa, kitie pilipili mbichi, ndimu, dania na chumvi, kivingirishe, kichovye kwenye rojo lililobaki la viazi karai, ukaange. Hizo ni kachori, na zimekuja bila kupangwa!

7. Bajia: acha viazi vitoe maji vyenyewe

Watu wengi hukoroga unga wa dengu kwa maji mengi, halafu wanashangaa bajia zimekuwa laini. Geuza utaratibu. Kata viazi vibichi vipande vyembamba sana, milimita mbili au tatu, uvitie kwenye bakuli na chumvi, kitunguu saumu, pilipili, manjano na dania nyingi. Viache dakika tano. Chumvi itayavuta maji ya viazi nje, utayaona chini ya bakuli. Sasa nyunyiza unga wa dengu mkavu, ukichanganya kwa vidole, mpaka kila kipande kivae koti jembamba. Ukavu ukizidi, tia maji kijiko kimoja kimoja, si kikombe.

Kitumbukize kila kipande peke yake, si konzi nzima, na moto uwe wa wastani ili kiazi kiive kabla unga haujaungua. Bajia za namna hii zimewasafirisha Wakenya mbali. Huko Wembley, London, familia yenye asili ya Kenya ilifungua mkahawa wa Maru's Bhajia House, na watu hupanga foleni kwa kitu unachoweza kukipika leo kwa fungu moja la viazi. Jipongeze!

8. Chipsi: kaanga mara mbili, lia kau mara mia

Mnakumbuka Januari 2022? Matawi ya KFC hapa Kenya yaliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyao viliagizwa ng'ambo na shehena ikachelewa, huku viazi vya wakulima wetu vimejaa sokoni. Chipsi za nyumbani hazingoji meli!

Kata viazi unene wa kidole kidogo, vioshe mpaka maji yatoke safi, kisha viloweke kwenye maji baridi nusu saa. Unachokiondoa ni wanga wa juu, ule unaofanya chipsi zishikane na kuwa nyeusi upesi. Halafu zikaushe kwa taulo safi ya jikoni. Hakuna njia ya mkato hapa, chipsi zenye maji hurusha mafuta na hutoka zimelegea.

Sasa kaanga kwa awamu mbili. Ya kwanza ni kwa moto wa kadiri, dakika tano sita hivi, mpaka zilainike bila kubadilika rangi. Zitoe, zieneze kwenye sinia, ziache zipoe angalau dakika kumi. Ya pili ni kwa mafuta ya moto sana, dakika mbili tatu, mpaka ziwe rangi ya dhahabu. Awamu ya kwanza inaivisha ndani, ya pili inafukuza maji ya juu. Uzuri wake kwa mtu mwenye shughuli ni huu: awamu ya kwanza unaweza kuifanya asubuhi kabla ya kutoka, ukirudi kazini jioni unabakiwa na dakika tatu tu. Chumvi nyunyiza zikishatoka, si kabla. Na karai usilijaze mafuta kupita nusu, hasa penye watoto.

9. Chipsi za jana zina cheo kipya leo

Zimebaki? Zipandishe cheo ziwe chipsi masala. Kaanga kitunguu, tia saumu na tangawizi, nyanya mbili zilizosagwa, kijiko cha nyanya ya mkebe, bizari ya mchuzi na pilipili. Pika mpaka mafuta yajitenge pembeni na mchuzi usimame mzito. Hapo ndipo utie chipsi, uzigeuze upesi kwa dakika moja, umalizie kwa dania na ndimu. Mchuzi ukiwa majimaji, chipsi zitalowa, kwa hiyo usiwe na haraka na nyanya.

Njia ya pili ni ya majirani zetu wa Tanzania, chipsi mayai, ambazo Dar es Salaam huitwa zege. Zipashe chipsi kwenye kikaango kilichopakwa mafuta kidogo mpaka zikauke, mimina mayai matatu yaliyopigwa na chumvi na kitunguu, punguza moto, funika. Likishikana, funika kikaango kwa sahani, geuza, rudisha upande wa pili. Kachumbari pembeni, na umepata kiamsha kinywa kinachomshikilia mtu mpaka adhuhuri.

10. Viazi vya nazi: sasa wanga ni rafiki

Kwenye chipsi tuliufukuza wanga. Hapa tunaukaribisha! Menya viazi, vioshe vikiwa vizima, kisha vikate moja kwa moja ndani ya sufuria bila kuviosha tena. Wanga huo ndio utakaoupa mchuzi uzito bila unga wala kitu kingine.

Kwa kilo moja ya viazi, nazi moja iliyokomaa yatosha. Ikune kwa mbuzi, ukamue kwanza tui zito kwa maji kidogo sana, yaani kasimile, uliweke kando. Kisha tia maji tena ukamue tui jepesi mara mbili. Kama huna muda wa kukaa juu ya mbuzi, kata nazi vipande, saga kwenye blenda na maji ya vuguvugu, chuja kwa kitambaa safi. Viazi, kitunguu, nyanya kidogo, pilipili mbichi nzima, manjano na chumvi vyote vitie pamoja na tui jepesi, uchemshe mpaka viazi vilainike. Hakuna kukaanga, hakuna mafuta.

Mwisho ndio wa kuangalia. Punguza moto, mimina kasimile, na koroga taratibu bila kuacha mpaka lianze kuchemka kwa mbali. Ukiliacha peke yake kwenye moto mkali, tui litakatika na mchuzi utakuwa na madonge. Likishika tu, zima, kamulia ndimu. Kula kwa chapati, wali mweupe, au boflo la dukani siku ambayo mikono imechoka. Na hapa hakuna nyama hata chembe, lakini hakuna atakayeiulizia.

11. Uchachu uje mwisho

Umewahi kupika viazi na ukwaju au nyanya nyingi, saa nzima ikapita na bado vigumu? Si viazi vibovu. Uchachu huzuia ile gundi ya asili inayoshikanisha chembe za kiazi isiyeyuke. Kwa hiyo kanuni ni fupi: lainisha kwanza, chachusha baadaye.

Itumie kwenye viazi vya rojo, chakula cha kumfurahisha mtu aliyerudi na njaa na mvua. Chemsha viazi vilivyokatwa pamoja na manjano, chumvi, kitunguu saumu na pilipili. Vikiiva, koroga vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye maji baridi, vimimine sufuriani huku ukikoroga mpaka rojo liwe jepesi na laini. Ndipo utie ndimu au maji ya ukwaju, onja, ongeza mpaka ulimi useme sawa. Pakua kwenye bakuli na bajia mbili tatu juu na chatne ya nazi. Watu wa Unguja na urojo wao watakuelewa vizuri sana.

Na kanuni hiyo hiyo ukiigeuza, inakusaidia. Ukitaka viazi vya saladi visimame vipande vipande bila kuvurugika, tia kijiko kimoja cha siki kwenye maji ya kuchemshia. Uchachu utavishika.

12. Kiazi cha pilau na biriani: kivalishe kabla ya karamu

Kuna watu katika kila familia ya Pwani ambao hupita na sahani wakitafuta kiazi cha pilau kabla ya nyama. Unawajua! Wasikikose. Kata viazi nusu, vipake chumvi na manjano, vikaange mpaka vifanye ngozi ya dhahabu nje. Havihitaji kuiva ndani. Ngozi hiyo ndiyo ngao yao, huzuia supu isivivuruge. Kwa pilau, vitie pamoja na mchele. Kwa biriani, vitie kwenye masala mwisho mwisho, ndipo ufunike. Nyama ikiwa kidogo wiki hii, ongeza viazi, na sinia litajaa heshima ile ile.

Na ule ushauri wa kutia kiazi mchuzi ukizidi chumvi? Una ukweli nusu. Kiazi hakichagui chumvi, kinanyonya maji yenye chumvi kama yalivyo, na mchuzi unaobaki una ukali ule ule. Ukitaka kuuokoa mchuzi, tia viazi pamoja na maji au tui jepesi. Chumvi itagawanyika, na sufuria itakuwa ya watu wengi zaidi. Waite majirani.

Ratiba ya kuanzia

Usijaribu yote kwa siku moja. Jumapili jioni chemsha kilo mbili na maganda yake, vikaushe, vikipoa viweke friji, na uvimalize ndani ya siku tatu. Jumatatu menya nusu yake, tengeneza viazi karai na ukwaju. Jumanne vipashe moto vilivyobaki, viponde, finyanga katlesi. Jumatano pumzisha mafuta, pika viazi vya nazi. Ijumaa ni siku ya pilau, na Jumamosi waite watoto wakusaidie kukausha chipsi kwa taulo. Kama huna friji, chemsha vya siku hiyo tu, maana joto letu halisamehi.

Tangu 2024, Umoja wa Mataifa huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Viazi kila tarehe 30 Mei. Ni heshima kubwa na kiazi kimestahili. Lakini kwako siku yenyewe ni leo: pita kibandani, bonyeza kwa kidole gumba, chagua vya kimo kimoja, na uanze na kidokezo kilichokutia njaa zaidi ulipokuwa ukisoma. Utaweza, na mezani watakuomba tena!